Upanga Usioshuka: Delacroix Anamchora Hamlet

Mada niliyopewa ni wachoraji na tamthilia kongwe. Hiyo ni bahari. Mtu akijitosa humo kwa saa moja ataibuka na maji ya chumvi mdomoni na wala hana samaki. Kwa hiyo nitamshika mchoraji mmoja tu, Eugène Delacroix wa Ufaransa, na mchezo mmoja tu, Hamlet wa Shakespeare. Kati ya mwaka 1834 na 1843 Delacroix alichora juu ya mawe picha 16 za mchezo huo kwa ajili ya kuchapwa, na ndizo nitakazozungumzia.

Nianze na kisichokuwemo. Hata mtu ambaye hajawahi kuufungua mchezo huu amesikia kwamba kuna mahali kijana Hamlet anabaki peke yake jukwaani na kujiuliza kama afadhali aendelee kuishi au afe. Waigizaji hupimwa kwa maneno yale. Ungemwambia mchoraji wa mtaani leo achore Hamlet, angekuchorea mahali pale, au angekuchorea fuvu la kichwa, au angevichanganya vyote viwili ingawa katika mchezo vimeachana mbali. Sasa zipitieni picha zote 16 za Delacroix. Fuvu limo. Maneno yale hayamo. Miaka tisa ya kazi, na pale palipo maarufu kuliko pote amepapita kama hapaoni.

Kwa waliosahau kisa chenyewe: Hamlet ni mwana wa mfalme wa Denmark. Baba yake amefariki, na baba yake mdogo, Claudius, ameshika kiti cha ufalme na kumwoa mjane, yaani mama yake Hamlet, Gertrude. Usiku mzuka wa marehemu unamtokea kijana na kumwambia kwamba hakufa kifo cha kawaida, alimiminiwa sumu sikioni na ndugu yake, na kwamba ni wajibu wa mwana kulipa kisasi. Kilichobaki cha mchezo ni Hamlet kutokulipa. Anachunguza, anajifanya mwendawazimu, anawakodi waigizaji, anamuua mzee Polonius kwa kumdhania mwingine. Ophelia, binti wa mzee huyo, anarukwa na akili na kufa maji. Mwishoni kabisa, kwa panga na sumu, wanakufa karibu wote.

Wafaransa walichelewa kuukubali mchezo huu kama ulivyo. Mwaka 1769 Jean-François Ducis aliupeleka kwenye jukwaa la Paris, naye hakujua Kiingereza hata kidogo. Aliufanyia kazi kupitia tafsiri ya mtu mwingine. Akauosha. Wachimba kaburi na mizaha yao wakaondolewa, kwa kuwa watu wa chini hawakutakiwa kuchekesha ndani ya tanzia ya wafalme. Mzuka ukanyimwa ruhusa ya kupanda jukwaani. Na Hamlet mwenyewe akaachwa hai. Kwa miongo kadhaa huyo ndiye Hamlet aliyefahamika Paris. Mwaka 1822, miaka saba tu baada ya Waingereza na wenzao kuwashinda Wafaransa vitani huko Waterloo, waigizaji wa Kiingereza walipojaribu kuleta Shakespeare wao halisi, walizomewa na kurushiwa vitu mpaka wakanyanyua mikono.

Miaka mitano baadaye hewa ilikuwa imebadilika. Tarehe 11 Septemba 1827, katika ukumbi wa Odéon, kundi jingine kutoka Uingereza lilicheza Hamlet. Charles Kemble alikuwa Hamlet, na mwanamke wa Kiayalandi, Harriet Smithson, alikuwa Ophelia. Msimu ule vijana wa sanaa wa Paris walijaa humo: Victor Hugo, Alexandre Dumas, mwanamuziki Hector Berlioz ambaye alimpenda Smithson mpaka akataka kuchanganyikiwa na hatimaye akamwoa mwaka 1833. Delacroix alikuwa mmoja wao. Kwake yeye Shakespeare wa jukwaani hakuwa mgeni kabisa, maana miaka miwili kabla alikuwa London, akamwona Edmund Kean, aliyekuwa moto wa kuotea mbali katika uigizaji wa zama zile.

Hapa naomba tutulie kidogo. Wengi wa watu waliokuwa ukumbini usiku ule hawakujua Kiingereza. Berlioz alikiri mwenyewe kwamba hakuwa akikijua. Walikaa saa kadhaa mbele ya mchezo ambao umejengwa kwa maneno kuliko karibu mchezo mwingine wowote, na maneno yakawapita. Walishika nini? Mikono. Nyuso. Mtu anavyokaa chini, anavyogeuza shingo, anavyoshika pazia. Smithson aliwaliza kwa wazimu wa Ophelia na hawakujua anaimba nini. Kwa maneno mengine, Paris iliupokea Hamlet kama picha kabla mchoraji hajashika kalamu. Sisi tulimpata Shakespeare kwa mlango wa pili kabisa: Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, Samuel Mushi akatuletea Makbeth na Tufani, na wengi wetu tulizisoma tamthilia hizo zikiwa vitabu, darasani, hatukuwahi kuona jukwaa. Tulikuwa na maneno bila mikono. Wao walikuwa na mikono bila maneno. Sijui nani alifaidi zaidi, ila nina hakika kwamba mchoraji angechagua kukaa upande wao.

Kabla ya Delacroix, picha za tamthilia zilikuwa za aina mbili hasa. Aina ya kwanza ni kumbukumbu ya jukwaa. Mwaka 1709 Nicholas Rowe alitoa London toleo la Shakespeare lenye picha, la kwanza la namna hiyo. Picha yake ya Hamlet iko chumbani kwa mama, mzuka unapoingia: Hamlet amevaa wigi refu na suruali za magotini kama bwana yeyote wa London wa wakati huo, na mbele yake kiti kimepinduka. Kiti hicho hakimo katika maandishi ya Shakespeare. Ni mbinu ya waigizaji: Hamlet akishtuka, ananyanyuka kwa ghafla na kiti kinaanguka kwa kishindo, hadhira inaruka. Mchoraji alichora alichokiona watu wakikifanya. Hata baada ya usiku ule wa Odéon, Achille Devéria na Louis Boulanger walichapisha mwaka huohuo picha za ukumbusho wa waigizaji wa Kiingereza, kwa walioona na wanaotaka kujidai waliona.

Aina ya pili ni ile ya John Boydell, mfanyabiashara wa London, aliyefungua mwaka 1789 jumba zima la michoro mikubwa ya Shakespeare akitarajia kuuza chapa zake Ulaya nzima. Vita na Ufaransa vikamkatia soko, na mwanzoni mwa mwaka 1805 michoro ile ikagawiwa kwa bahati nasibu, mwenyewe akiwa ameshafariki. Ilikuwa michoro ya kifahari, mingi yake imesimama kana kwamba inasubiri kupigiwa makofi.

Delacroix hafuati njia ya Rowe wala ya Boydell. Na sehemu ya sababu ni jiwe.

Mbinu ya kuchapa kwa mawe, litografia, ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Na huyu Senefelder alikuwa nani? Mtoto wa mwigizaji, na yeye mwenyewe mtunzi wa tamthilia, aliyeingia madeni kwa kulipia uchapaji wa mchezo wake. Alikuwa anatafuta njia rahisi ya kuchapa tamthilia zake. Tamthilia hizo hakuna azisomaye leo. Mbinu ikaenea duniani kote.

Inafanya kazi hivi. Unachukua bamba la jiwe la chokaa, laini na zito, lililosuguliwa mpaka likawa kama meza. Unachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe linapakwa mchanganyiko wa gundi ya mgunga na tindikali kidogo, ili pasipochorwa pashike maji na palipochorwa pabaki na mafuta yake. Unalilowanisha jiwe, unapitisha wino wenye mafuta. Maji yanaukataa wino, mchoro unaupokea. Unaweka karatasi, unagandamiza kwa mashine, na picha inatoka imegeuka, kulia imekuwa kushoto. Faida yake kwa mtu kama Delacroix ni kwamba hakuna fundi wa kati. Chapa za Boydell zilipita kwenye mikono ya mafundi wa kuchonga shaba ambao waliunyoosha kila mstari wa mchoraji. Juu ya jiwe, mkono wa mchoraji ndio unaochapwa, pamoja na papara zake. Akitaka giza, anasugua kalamu. Akitaka mwanga ndani ya giza, anakwangua kwa ncha ya kisu. Tazameni picha za usiku katika mfululizo huu, mzuka ukiwa umesimama na deraya zake mwilini juu ya ngome: weusi ule una chembechembe, unapumua.

Alikwishajaribu kabla. Mwaka 1828 zilitoka chapa zake 17 za Faust, mchezo wa Goethe, pamoja na sura ya Goethe mwenyewe. Mzee Goethe alioneshwa baadhi yake Novemba 1826 kabla hazijatoka, akazisifu sana. Paris ilizinunia na kuziita mbaya za sura. Katika Faust, hata hivyo, Delacroix bado ni kijana anayetamba: farasi wanakimbia, shetani anaruka juu ya mji, misuli kila mahali. Hamlet ni kazi nyingine kabisa. Ni ndogo, ya ndani ya nyumba, mara nyingi watu wawili au watatu.

Picha ya kwanza tafadhali. Hapa Hamlet anataka kuufuata mzuka wa baba yake, na rafiki yake Horatio na mlinzi Marcellus wanamzuia. Mwili wake wote unakwenda upande mmoja na mikono ya wenzake inauvuta upande wa pili. Jukwaani tukio hili ni la sekunde chache: anajichopoa, anakwenda. Juu ya jiwe hajichopoi kamwe. Inayofuata. Claudius anasali, amepiga magoti. Nyuma yake yuko Hamlet, mkono wake uko kwenye upanga. Ni nafasi ambayo hataipata tena. Katika mchezo, mwigizaji inabidi atueleze kwa nini hampigi: anasema kwamba mtu akiuawa akiwa katika sala ataingia peponi, na hicho si kisasi. Wasomi wamebishana miaka mingi kama sababu hiyo ni ya kweli au ni kisingizio. Delacroix ameitupa hoja yote nje. Amebakiza mgongo wa mtu anayesali na mtu aliyesimama nyuma yake.

Mwandishi wa Kijerumani Lessing aliandika mwaka 1766 kwamba shairi lina muda na picha haina. Mchoraji amepewa kitambo kimoja tu, basi akichague kile ambacho kimebeba mimba ya kinachofuata. Wachoraji wengi wa tamthilia wamelichukulia hilo kama kilema cha kukifidia: mchezo unakwenda, sisi tumesimama, tufanyeje? Wakajaza ishara, mikono juu, midomo wazi. Mimi naona Delacroix aligundua kwamba kuna mchezo mmoja duniani ambao kilema hicho ni nguvu yake. Hamlet ni mchezo wa mtu asiyefika kwenye tendo. Jukwaa linamlazimisha aendelee, kwa sababu watazamaji wamelipa na usiku unakwenda. Ni jiwe pekee linaloweza kumwacha asimame hapo nyuma ya mfalme, upanga usishuke, leo na kesho.

Ndiyo maana, nadhani, maneno yale mashuhuri hayakuwa na kazi kwake. Mtu anayewaza peke yake akichorwa anakuwa mtu aliyesimama tu, na kusita kwake hakuonekani mpaka kuwe na mtu wa pili wa kusita mbele yake. Tazameni picha ambamo Hamlet anawachezesha waigizaji tukio la sumu: jukwaa lao dogo liko nyuma kabisa. Hamlet amejilaza sakafuni miguuni pa Ophelia na macho yake hayako kwenye mchezo, yako kwa mfalme. Kwingine anampa Guildenstern, rafiki wa zamani anayempelelezea mfalme, filimbi aipulize, na yule hawezi. Picha ya maiti ya Polonius nayo nitaigusa, maana ina ukatili wake wa kimyakimya: upanga umekwishapita kwenye pazia, na Hamlet amelishika pazia hilo pembeni, anamwangalia chini mzee aliyekuwa haachi kuongea. Hakuna damu ya kutisha wala mama anayepiga kelele kwa mbele. Kuna kijana anayetazama alichokifanya kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Kijana mwenyewe ana uso laini, bila ndevu, na vidole vyembamba. Inasemekana aliyemkalia Delacroix kama kielelezo ni mke wa rafiki yake Pierret. Mshairi Charles Baudelaire, aliyezitundika picha hizi chumbani kwake, aliupenda ulaini huo na kuutetea. Wakosoaji wa siku hizo walioutaka ushujaa hawakuupenda. Mwaka 1899 Sarah Bernhardt alimcheza Hamlet jukwaani Paris akiwa mwanamke wa miaka 54, na waliozijua chapa hizi hawakupaswa kushangaa sana.

Sasa Ophelia. Picha hii ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Kifo cha Ophelia hakionekani jukwaani. Shakespeare hakumwandikia mwigizaji yeyote akicheze. Malkia anaingia na kusimulia: binti alipanda kwenye mti ulioinamia kijito ili atundike mataji yake ya maua, tawi likakatika, akaanguka majini; nguo zikamwelesha kwa muda, akawa anaimba, mpaka zikalowa na kumzamisha. Kwa hiyo mchoraji hana Smithson wa kumkumbuka hapa. Ana habari aliyoisikia kwa mtu wa tatu. John Everett Millais wa Uingereza, mwaka 1851 na 1852, aliichora habari hiyo kwa utiifu wa kushangaza: binti ameelea chali, kinywa wazi, na kila jani la ukingoni limetambulika. Kwa ajili yake Elizabeth Siddal alilala ndani ya beseni la kuogea lililojaa maji. Mti umekwishafanya kazi yake, na maji yamemchukua.

Delacroix alichora kifo hiki kwa rangi mwaka 1838, akakichora juu ya jiwe mwaka 1843, akakirudia kwa rangi mwaka 1853. Mara zote Ophelia yuko majini nusu mwili, mkono mmoja unakumbatia maua kifuani, na mkono wa pili umeshika tawi. Ameshika tawi! Malkia alisema tawi lilikatika, ndiyo sababu ya kifo chenyewe. Delacroix aliyasoma maneno hayo vizuri kuliko wengi wetu, na kwa miaka 15 alikataa kulikata. Uso wake hauna hofu, wala hauonyeshi kwamba anapigania kujiokoa. Ameshika tu, kama mtu anayeegemea mlango akiwa anawaza jambo jingine. Maji yanavuta na tawi linavuta. Ni Hamlet mikononi mwa Horatio na Marcellus tena, ila sasa hakuna rafiki, kuna mti.

Kuna watakaosema hilo ni kumkosea mtunzi, na wana haki ya kusema hivyo. Jibu langu ni kwamba kifo cha kusimuliwa kina kazi moja, kutufanya tuone tusichooneshwa, na kila msikilizaji hukiona chake. Delacroix ametuonesha chake bila kujifanya shahidi.

Makaburini sitakaa sana, maana ndipo kila mtu anapokwenda. Niseme tu kwamba alirudi hapo kwa kalamu na kwa rangi maisha yake yote. Mchoro wake wa mwaka 1835 ulikataliwa na waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris ya mwaka uliofuata. Mwingine ukakubaliwa mwaka 1839, na sasa uko Louvre. Wale wachimba kaburi ambao Ducis aliwafukuza jukwaani wamekaa mbele kabisa, mmoja anainua fuvu kumpa mwana wa mfalme. Wana vifua vipana. Ndio watu pekee katika mfululizo mzima wanaofanya kazi bila kujiuliza.

Biashara yake ilikuwa mbovu. Mwaka 1843 Delacroix alizitoa picha 13 tu kati ya 16, nakala 80, kwa gharama yake mwenyewe, na hazikugombaniwa. Tatu akazikalia. Mawe yakabaki kwake mpaka alipofariki Agosti 1863. Mwaka uliofuata likaletwa toleo jipya lenye picha zote 16, na aliyelitoa ni Paul Meurice, mtu wa tamthilia.

Huyu Meurice ndiye aliyeshirikiana na Dumas kuandika Hamlet ya Kifaransa iliyochezwa Paris mwaka 1847 katika ukumbi wa Théâtre Historique. Walimjua Shakespeare halisi, walimheshimu, mzuka wakaurudisha. Lakini mwisho wakaubadilisha: mzuka unatokea tena katikati ya maiti, unamhukumu kila mmoja, na kwa Hamlet hukumu ni kwamba ataishi. Pazia linashuka kijana akiwa hai, kama kwa Ducis. Miaka 17 baadaye mtu huyohuyo alikuwa anasimamia mashine, na jiwe la mwisho katika mfululizo aliouchapisha ni la Hamlet akifa, mwili umelegea, Horatio amemshika. Nalo ni miongoni mwa mawe ya mwaka 1843, mwaka ambao Delacroix alimaliza.

Taa ziwashwe. Mwenye swali aanze, na mwenye kutaka kuiona tena ile ya Ophelia aseme, itarudishwa ukutani.